Siku tano peke yangu barabarani, na ujumbe wa ukoo kwa shangazi

Mwanamke akisema anasafiri na mumewe, watu humtakia safari njema. Akisema anasafiri na rafiki zake, humwuliza wanakwenda wapi. Akisema anasafiri peke yake, huulizwa anakimbia nini.

Swali hilo niliulizwa na watu wasiopungua sita Oktoba 2023, akiwemo mama yangu mzazi, dada yangu na mhariri wangu. Nilikuwa Marekani, nimemaliza mafunzo ya miezi mitatu ya waandishi wa habari za afya jirani na Washington, na zilibaki siku kumi na mbili kabla ya ndege ya kurudi Dar es Salaam. Shangazi yangu anaishi Charlotte, jimbo la North Carolina, upande wa kusini. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa basi ni usiku mmoja. Mimi nilichagua kwenda kwa gari, siku tano, kwa njia ya milimani, nikilala ndani ya gari lenyewe.

Gari lilikuwa la kukodi: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, tangi la maji na betri ya pili ya kuwashia taa. Nilipotuma picha kwenye kundi la familia, kaka yangu aliliita “Hiace ya kulala”, na jina likashika. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu: “Ukipatwa na jambo usiku, nani atajua?”

Lilikuwa swali la haki. Nilimwandikia orodha ya vituo vyote vinne nitakavyolala, tarehe na namba za simu, nikamwahidi ujumbe kila jioni penye mtandao. Kwa wasichana wanaoniandikia wakiuliza nilimudu vipi kusafiri peke yangu, jibu langu huanzia hapo. Ujasiri ni jambo jema, lakini karatasi yenye ratiba iliyo mikononi mwa mtu anayekupenda ni jambo jema zaidi.

Kuna jambo ambalo mama alilijua na kundi zima la familia lililijua, ila halikuandikwa pale. Nilikuwa nimebebeshwa ujumbe.

Simu ya baba mkubwa

Siku tatu kabla sijaondoka, baba mkubwa alinipigia kutoka Tukuyu. Aliniuliza habari za masomo na baridi, kisha akanyamaza kidogo, nami nikajua hicho ndicho kipande chenye uzito.

“Mwanangu, tumekaa kikao. Shangazi yako arudi nyumbani. Wewe umesoma mambo ya afya, utajua namna ya kumweleza. Hatutaki kumpokea kwenye sanduku.”

Shangazi aliondoka Tanzania mwaka 2004. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kutunza wazee wa watu wengine: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, kuwasikiliza wakirudia hadithi ileile. Kwa fedha hiyo alisomesha watoto saba wa ukoo wetu. Mimi ni wa nne katika hesabu hiyo, kuanzia kidato cha kwanza hadi nilipovaa joho chuo kikuu. Mwaka 2021 figo zake zilishindwa kazi. Chanzo kilikuwa shinikizo la damu, ugonjwa ambao kwa miaka mingi haukumuuma popote. Tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, karibu saa nne kila kipindi.

Hofu ya baba mkubwa ilikuwa na mguu wa kusimamia. Kila familia yenye mtu ughaibuni inajua gharama ya kurudisha mwili: michango, makaratasi, wiki mbili za kusubiri huku matanga yakiendelea na jeneza halijafika. Kwake, mgonjwa aliye mbali ni msiba unaojongea. Kumrudisha akiwa hai ni kumheshimu.

Nami nilikuwa na hofu yangu. Nimeandika habari za figo kwa miaka minne na nimekaa kwenye wodi za kusafisha damu. Nilijua maana ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine yake. Nilijua pia kwamba mtoto hamwambii baba mkubwa kuwa kikao cha ukoo hakikuwa na taarifa zote. Kwa hiyo nilitaka siku tano za kufikiri. Nilichokuwa nakimbia kilikuwa hicho: kufika Charlotte kwa saa moja na nusu, nikiwa sijui nitasema nini.

Njia ya juu ya mgongo wa mlima

Niliondoka Jumatatu asubuhi. Kwa sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto, saa ya kwanza upande wa kulia ni kazi ya kichwa, si ya mikono. Niliweka kipande cha karatasi mbele ya usukani: KULIA. Kufika mji wa Front Royal, kilomita zipatazo 110 kutoka Washington, mwili ulikuwa umeshaelewa.

Hapo ndipo inapoanzia Skyline Drive, barabara inayopita juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge ndani ya hifadhi ya taifa ya Shenandoah. Ina urefu wa kilomita 169 na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 56 kwa saa. Ikiisha, inapokewa na nyingine iitwayo Blue Ridge Parkway, yenye kilomita 755 hadi karibu na milima ya Great Smoky, na humo mwendo ni kilomita 72 kwa saa. Barabara hizi hazina malori wala mabango ya matangazo, na kwenye Parkway hakuna vituo vya mafuta. Ukitaka mafuta unateremka mjini, unajaza, unapanda tena. Kando ya njia kuna mawe yenye namba za maili, na watu huelekezana kwa namba hizo kama sisi tunavyoelekezana kwa mwembe au kwa duka la Mpemba.

Kamusi zetu huyaita majira yale vuli, lakini kwetu vuli ni mvua. Kule ni wakati wa majani kubadilika rangi na kupukutika. Nilikuwa nimeziona picha nikidhani zimetiwa chumvi. Hazikutiwa. Bonde zima linawaka njano, chungwa na wekundu wa pilipili iliyoiva, na upepo ukipita, majani yanaruka barabarani kama kumbikumbi.

Mlinzi mmoja wa hifadhi alikuwa akiwaeleza watoto wa shule sababu yake, nami nikajisogeza kusikiliza. Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo mti huitengeneza upya kila mara wakati wa joto. Siku zikifupika na baridi ikianza, mti unaacha kuitengeneza, kijani kinafifia. Njano inayotokea ilikuwemo ndani ya jani muda wote, imefunikwa tu. Wekundu ni habari nyingine: miti kama maple huutengeneza wakati huohuo wa mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani.

Usiku wa kwanza nililala Big Meadows, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ilikuwa kama ya Tukuyu mwezi wa Juni, na kidogo zaidi. Chakula hakiachwi nje kwa sababu ya dubu weusi. Nilifungia mkate na mayai yangu ndani ya gari, nikavaa soksi jozi mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikalala bila kusikia sauti ya mtu mwingine akipumua, akikohoa au akiongea na simu.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Kila jani lililoanguka juu ya bati nililisikia. Nilikagua kufuli mara tatu. Lakini kuna woga unaokujia ukiwa umejiandaa na kuna woga wa mtu asiyejiandaa. Ule wa kwanza hupungua kadiri usiku unavyoendelea.

Kilichonitia mashaka kuliko dubu kilikuwa gesi. Usiku wa baridi kishawishi ni kuwasha jiko, kufunga madirisha na kuota moto. Moto wowote unaowaka kwenye hewa finyu, uwe wa gesi, kuni au mkaa, unaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, anaona heri alale, asiamke. Ndani ya gari kulikuwa na kifaa cha kutoa mlio gesi hiyo ikizidi, nami nilikijaribu kila jioni. Nilipika mlango ukiwa wazi, nikazima jiko, ndipo nikafunga. Kwetu nyanda za juu, Mbeya, Njombe na Iringa, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba nyufa kwa matambara. Nimeandika habari hiyo zaidi ya mara moja, kila mara kukiwa na majeneza zaidi ya moja. Blanketi la ziada halijamuua mtu.

Kambi ya Lewis Mountain

Jumanne asubuhi nilisimama Lewis Mountain, kambi ndogo maili chache kusini mwa Big Meadows. Ni mahali patulivu, meza za mbao chini ya miti. Historia yake haina utulivu huo. Kambi ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya Wamarekani weusi pekee, kwa kuwa sheria na desturi za Virginia zilitaka watu watenganishwe hata kwenye kula na kulala porini. Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ubaguzi huo ulikomeshwa hifadhini. Na hata kabla ya hapo, mamia ya familia za wakulima walioishi milimani humo waliondolewa ili hifadhi ipatikane.

Nilikaa kwenye meza moja nikanywa chai. Niliwawaza baba na mama waliofunga safari na watoto wao mwaka 1940, wamebeba chakula chao chote kwa kutojua ni mgahawa gani njiani ungewapokea, ili nao waone majani haya. Waliambiwa wapi wanaruhusiwa kukaa, na ndani ya mipaka hiyo waliyopangiwa na wengine wakatafuta furaha yao.

Nikamkumbuka shangazi. Miaka yote anaishi mwendo wa saa mbili kutoka milima hii, hajawahi kuiona ikiwa na rangi. Aliwahi kuniambia kwenye simu, akicheka, kwamba wagonjwa wake walimsimulia sana: “Kila Oktoba wananiambia, twende ukaone. Wikendi ndiyo yenye malipo mazuri, mwanangu. Nitaona mwakani.”

Mchana nilivuka kuingia Blue Ridge Parkway. Barabara hiyo ilianza kujengwa mwaka 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ikawapa kazi maelfu ya watu. Kwenye mto James inashuka hadi mita 198 hivi, kisha ndani ya kilomita kama 20 inapanda hadi mita 1,200. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya lori la mbao ataelewa: gia ndogo, mguu mwepesi kwenye breki, na subira. Kila baada ya saa mbili nilisimama, nikatembea, nikanywa maji. Usingizi wa barabarani hauogopi kahawa wala muziki. Dawa yake ni kulala. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe, ila yeye hajijui.

Nililala Peaks of Otter usiku huo, na Rocky Knob usiku uliofuata. Juu ya mgongo wa mlima simu haikushika mtandao kwa saa nyingi. Nilipoteremka Roanoke kutafuta mafuta, kundi la familia liliingia kwa mkupuo: ujumbe 143. Nane ulikuwa wa mama akiuliza kama nimekula. Uliobaki ulikuwa mjadala wa kamati ya ukoo. Nani atampokea shangazi uwanja wa ndege. Chumba kipi kipakwe rangi. Kama choo cha nje kitamfaa. Binamu mmoja alishauri dawa ya mitishamba. Mwingine alituma mfano wa kadi ya mchango.

Niliusoma wote nimekaa kwenye kiti cha dereva. Nilichokitafuta sikukiona. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeandika: shangazi anasemaje?

Ninaufahamu vizuri mchezo huo kutoka wodini. Ndugu huzunguka kitanda, wanashauriana mbele ya mgonjwa kuhusu fedha, hospitali, mchungaji na shamba litakalouzwa. Mgonjwa anaangalia juu. Daktari akiuliza swali, anajibu kaka. Mapenzi yapo, hakuna anayebisha. Ni kwamba mtu akishaugua, anageuzwa kuwa jambo la kuamuliwa.

Asubuhi ya Alhamisi nilipita kwenye kinu cha Mabry, kinu cha zamani kinachoendeshwa kwa maji, ambako wakulima wa milimani walisagiwa mahindi. Jioni, kwenye kambi ya Julian Price, nilisonga ugali kwa unga niliounua dukani bondeni. Ulikuwa na chenga, haukushikana vizuri, lakini nilikula wote, mlango wazi, nimejifunga khanga ya mama juu ya jaketi. Jirani yangu wa kambi, bibi wa miaka zaidi ya sabini aliyekuwa akisafiri peke yake pia, aliniomba aonje. Alisema inafanana na chakula cha nyanya yake. Hatukuongea mambo makubwa. Alinionyesha namna ya kukaza bomba la maji lililokuwa linavuja, tukatakiana usiku mwema.

Usiku huo niliandika ujumbe wangu kwenye daftari. Ulikuwa mistari miwili. Wa kwanza: nitamwambia shangazi maneno ya baba mkubwa kama yalivyo, bila kupunguza. Wa pili: nitarudisha jibu lake kama litakavyokuwa, bila kuongeza.

Jibu

Nilifika Charlotte Ijumaa jioni. Shangazi amepungua, ila sauti ni ileile. Baada ya shikamoo na kukumbatiana alilizunguka gari, akafungua kabati moja moja, akauliza choo kiko wapi. Kisha akapakua wali na samaki. Ndizi, chakula chetu sisi watu wa Rungwe, hakuna mezani kwake. Figo zikishindwa, potasiamu ya kwenye ndizi, viazi na nyanya hubaki kwenye damu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Maji nayo anayapima: daktari wake amempangia lita moja kwa siku, ikijumlishwa chai na mchuzi.

Jumamosi alfajiri nilimsindikiza kwenye mashine. Nilikaa pembeni yake saa nne. Hapo ndipo nilipomwambia. Alisikiliza macho yakiwa kwenye mrija wa damu, akaniuliza swali moja.

“Wamepiga hesabu?”

Yeye alikuwa ameshapiga. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1972, mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa na aliyechangia kazini kwa muda unaotakiwa hupata bima ya afya ya serikali hata kama hajafikia umri wa uzee. Bima hiyo ndiyo inayomlipia. Haisafiri naye akihama nchi. Nyumbani huduma ipo, na inazidi kupanuka. Muhimbili walianza hata kupandikiza figo mwaka 2017. Lakini kutoka Tukuyu hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni kilomita zipatazo 70, kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, kila wiki, maisha yote, na kila kipindi kulipiwa. Watoto saba aliowasomesha wangeibeba gharama hiyo kwa muda gani kabla ya kuanza kukwepana simu?

“Kaka zangu wananipenda,” alisema. “Wanataka nife karibu nao. Mimi bado nataka kuishi, hata kama ni mbali nao. Lakini nyumbani nataka kufika. Miaka sita sijaona kaburi la mama. Hilo hakuna aliyeniuliza.”

Jumapili, siku moja baada ya mashine, mwili wake ukiwa mwepesi, tulipanda mlimani. Nesi wake alituruhusu kwa masharti: dawa zote, chupa ya maji iliyopimwa, chakula kisicho na chumvi, kurudi siku hiyohiyo. Tuliendesha karibu saa mbili hadi Blowing Rock, tukaingia Parkway hadi daraja la Linn Cove, linalojipinda ubavuni mwa mlima Grandfather kwa mita 379. Hicho ndicho kipande cha mwisho cha barabara ile. Kilichukua miaka mingi kwa sababu wajenzi walitakiwa wasiujeruhi mlima, na kilifunguliwa mwaka 1987. Shangazi aliniambia nipunguze mwendo. Gari la nyuma yetu likapiga honi. “Mwache apige,” alisema. “Mimi nimesubiri miaka kumi na tisa.”

Saa nane mchana, tukiwa mjini Blowing Rock, nyumbani ikiwa saa tatu usiku, tulimpigia baba mkubwa. Nilimkabidhi shangazi simu. Waliongea Kinyakyusa, dakika arobaini. Mwanzoni baba mkubwa alikuwa mkali. Shangazi alimweleza juu ya mashine, bima, kilomita na hesabu, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa wake wa zamani. Kisha wote wawili walinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

Kamati ya ukoo haikuvunjwa, ila kazi yake ilibadilika. Michango iliyokusudiwa kumrudisha moja kwa moja ilielekezwa kwenye likizo ya wiki tatu. Wagonjwa wengi hawajui kwamba mtu anayesafishwa damu anaweza kusafiri, mradi kituo cha aendako kikubali mapema, kipokee taarifa zake za vipimo na kumpangia siku. Shangazi alikuja Julai 2024: wiki tatu, vipindi tisa Mbeya, vyote vimelipiwa kabla hajapanda ndege. Alifika kwenye kaburi la mama yake. Alikaa sebuleni kwa baba mkubwa akipokea wageni, akakataa mara kumi kuongezewa chai. Kisha akarudi Charlotte, kwenye mashine yake.

Miezi miwili baadaye, Septemba 2024, kimbunga Helene kilipiga milima ile. Barabara yote ya Blue Ridge Parkway ilifungwa kwa muda, na vipande vya upande wa North Carolina viliporomoka pamoja na mlima. Shangazi alinitumia picha kutoka kwenye habari bila maneno. Nilijua anachosema. Kuna mambo ambayo hayafai kusubiri mwakani.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa muda mrefu, aliye karibu au mbali, kabla ya kikao kijacho mpeni nafasi ya kuzungumza, na aliyetumwa arudishe maneno yake kama yalivyo. Kama wewe ni mzima, pima shinikizo la damu hata kama huumwi, na mwombe daktari akupime mkojo na damu kuangalia figo, hasa ukiwa na kisukari au presha. Acha kumeza diklofenaki kila mgongo unapouma. Dawa za jamii hiyo zikitumika ovyo huumiza figo.

Na kama ni msichana unayetaka kusafiri peke yako, iwe kwa Hiace ya kulala au basi la Mbeya, safiri. Acha ratiba yako kwa mtu, pumzika kabla ya kuchoka, na usilale na moto. Watakuuliza unakimbia nini. Si lazima uwe na jibu siku ya kuondoka.